"Mwanangu Mpole, Ataweza Kuwaongoza Wanaume?"

Kila nikija Mtwara au Lindi kufundisha mabinti wanaotaka kuongoza tamthilia, swali ni lile lile, na mara nyingi linatoka kwa mzazi: "Huyu mwanangu mpole hivi, ataweza kuwaamrisha wanaume?" Wiki iliyopita nimeulizwa tena, Magomeni ya Mtwara. Nimechoka nalo, basi leo nalijibu kwa urefu.

Tamthilia haiongozwi kwa ukali. Anayenyamazisha watu kwenye seti na kukimbizana na ratiba ni msaidizi wa mwongozaji. Mwongozaji mwenyewe, kazi yake kubwa imeshafanyika kabla kamera haijawashwa: kasoma skripti mpaka anajua kila mhusika anataka nini, kaigawa kila sini (tukio la mahali pamoja) katika shoti, yaani vipande vya picha, kaenda lokesheni saa ile ile watakayopiga picha akaona jua linaingilia dirisha gani. Wanaofika seti bila hayo ndio ninaowasikia wakifoka, maana hawana cha kumwambia mwigizaji.

Halafu tamthilia haipigwi kwa mfuatano wa hadithi, na hili wazazi hawalijui. Chukulia mmeazima nyumba Shangani ya Mtwara, mwenyewe kawapa siku moja tu. Sini ya 31 inataka mwanga wa alfajiri, kwa hiyo mnaanza nayo: mke keshajua mumewe kaficha hela za korosho. Mchana, chumba kile kile, mnapiga sini ya 4, ambapo bado anamwamini. Dada wa watu kalia tangu asubuhi, na sasa anatakiwa amtengee mume chai kwa mapenzi. Anayekumbuka kwamba hapo mke hajajua lolote ni mwongozaji. Ukimfokea, shingo inakakamaa, na kamera ya karibu haifichi kitu. Ukimwambia "furahi zaidi", atachekacheka tu na mtazamaji hatamwamini. Mimi humvuta pembeni, tukae mkekani, nimpe kitu kimoja cha kutenda: "Mtilie sukari kabla hajaomba, halafu usimtazame mpaka aonje." Hilo linasemwa kwa sauti ya chini kabisa, na binti mpole analiweza vizuri sana.

Ushauri wangu kwa mabinti haujabadilika miaka yote: soma skripti kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, mara tatu, kabla hujagusa kamera. Wengi wananiitikia halafu hawasomi. Someni!

Wengine wanasema hii ni kazi mpya kwa wanawake. Si kweli. Mwanamke aitwaye Ida Lupino alikuwa akiongoza tamthilia za televisheni Marekani tangu miaka ya 1950. Hapa kwetu Flora M'mbugu-Schelling alitoa filamu ya hali halisi mwaka 1992, kuhusu wanawake wakimbizi wa Msumbiji, majirani zetu kabisa, wakiponda kokoto Dar es Salaam. Na tamthilia ya Jua Kali inayowakusanya watu sebuleni imeongozwa na mwanamke, Leah Mwendamseke, yaani Lamata.

Jingine ninalolisikia: "Sauti tutairekebisha kwenye kuhariri." Hapana. Upepo wa kusi ukishaivamia maikrofoni pale ufukweni Mikindani, hakuna mhariri atakayeutenganisha vizuri na maneno. Ivalishe maikrofoni kifuniko chake cha manyoya cha kuzuia upepo, jikingeni nyuma ya ukuta, boti yenye mashine ikipita subirini ipite. Kabla hamjaondoka, wote wakae kimya nusu dakika, mrekodi ukimya wa mahali pale. Mhariri atauhitaji kuzibia mapengo.

Na kwamba bila kuhamia Dar huwezi kitu? Vituo vikubwa na pesa viko huko, sikatai, na chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo. Lakini skripti huandikwa popote, na kumwongoza mwigizaji unaweza kujifunza kwa simu yako, uani kwenu, na majirani wawili wenye subira. Siku utakapoanza kupiga picha za kuuza, omba kibali Bodi ya Filamu. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, na inamhusu aliye Lindi sawasawa na aliye Kinondoni.