Kumpumzisha punda au farasi aliyefika mwisho: yanayosemwa na yalivyo kweli

Jamani hili jambo la kumpumzisha mnyama, yaani kumuua bila maumivu asiendelee kuteseka, hatulizungumzi. Kununua punda tunajua, kumpakia mchanga na mawe na magunia tunajua, lakini siku akifika ukingoni kila mtu anaangalia pembeni, mnyama analala juani siku ya kwanza, ya pili, watu wanapita tu wanasema maskini. Wenye farasi nao, wa kupandisha watalii ufukweni mpaka wa mbio kule Ngong, wana maneno yaleyale ila tu wao daktari wanamfikia haraka. Haya ndio ninayoyasikia sana, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Muache, atakufa mwenyewe usingizini"

Hii ndio kubwa kuliko zote na ndio inayotesa wanyama wengi. Wanaolala usiku wakakutwa asubuhi wametulia ni wachache sana. Farasi mkubwa ana kilo 450 au 500 hivi, punda wetu wa kazi kilo mia na kitu, na miili yao haiwezi kulala ubavu mmoja kutwa nzima, akishindwa kusimama uzito wake mwenyewe unakandamiza mapafu na misuli ya chini, damu haipiti, misuli inaanza kufa na yeye yu hai, vidonda vinatoka begani na nyongani, nzi wanataga humo humo. Kama ni chango, yaani maumivu makali ya tumbo, ndo balaa zaidi, manake farasi na punda hawawezi kutapika, tumbo likijaa na njia imeziba linaweza hata kupasuka. Huko ndiko tunakokuita kufa mwenyewe. Ukimuacha usidhani hujaamua kitu, umeamua afe polepole.

"Bado anakula, kwa hiyo haumwi"

Kwa farasi unaweza kubahatisha, kwa punda usijaribu. Farasi akiumwa na tumbo atajigaragaza, atapiga teke tumbo lake, atatoka jasho, mtaa mzima utajua. Punda anakaa kimya. Anaweza kusimama na mdomo kwenye majani anajifanya anatafuna, ukiangalia vizuri chakula hakipungui. Madaktari wanalijua sana hili, ndo maana wanakwambia punda aliyepoa tu, amejitenga, masikio yameshuka, huyo ni mgonjwa wa kukimbiliwa leo sio kesho. Na kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui: punda akiacha kula siku chache, hasa aliyenona, mwili unaanza kumimina mafuta yake kwenye damu mpaka damu inakuwa na weupe kama maziwa, ini na figo zinashindwa kazi, na kumrudisha hapo ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo ukingoja mpaka aonekane anaumwa, mara nyingi umeshachelewa.

Sasa utajuaje muda umefika? Usiangalie siku moja. Andika hata kwenye simu: leo amelala na kuinuka mwenyewe au tumeinua, amekula amemaliza, amemfuata mwenzake au amebaki nyuma. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri na daktari hana kipya cha kujaribu, jibu unalo, hata kama moyo haukubali. Na mpangie siku ambayo bado anasimama, daktari yupo, kuna mwanga, usisubiri saa nane za usiku ambapo hakuna wa kumpigia.

"Mguu umevunjika, basi kwisha habari yake"

Sio kila mara. Ufa mdogo kwenye mfupa unapona kwa kupumzika, na mnyama mwepesi, mtoto wa farasi au punda, ana nafasi nzuri kuliko farasi mkubwa. Lakini msemo una sababu yake. Chini ya goti la farasi hakuna nyama, ni mfupa, mishipa, kano na ngozi, damu kidogo, na kiumbe huyu huwezi kumwambia lala kitandani miezi mitatu. Anahamishia uzito kwenye mguu mzima, afu ule mguu mzima nao unapata uvimbe ndani ya kwato, mfupa unaanza kuachana na ukuta wa kwato, na maumivu yake hayaelezeki. Hiki ndicho kilichomuua Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani. Alishinda mbio za Kentucky Derby 2006, wiki mbili baadae akavunjika mguu wa nyuma kwenye mbio za Preakness, akafanyiwa upasuaji kwenye hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha Pennsylvania, pesa haikuwa tatizo, madaktari bingwa walikuwepo, miezi minane wanapambana, na Januari 2007 wakampumzisha kwa ajili ya kwato za miguu mingine. Kabla yake kulikuwa na Ruffian, naye farasi wa mbio wa hukohuko, 1975, yeye alivunjika mguu akapasuliwa vizuri lakini alipozinduka kwenye dawa ya usingizi akaanza kutapatapa mpaka akaharibu kila kitu, ikabidi wammalize usiku huohuo. Ukisikia daktari anakushauri usiendelee na matibabu, usidhani anakubania au hajui kazi.

"Ile sindano inamuua kwa mateso, ona anavyotetemeka"

Watu wameona mnyama akivuta pumzi ghafla au misuli ikicheza baada ya sindano wakasema bado yu hai anateseka. Hapana. Dawa yenyewe ni ya jamii ya zile za usingizi, ni kipimo tu kimezidishwa sana, inapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, mara nyingi baada ya kumpa ya kumtuliza kwanza. Fahamu inatoka haraka, mara nyingi ndani ya dakika moja ameshaanguka, afu moyo unasimama. Zile pumzi za mwisho na kutetemeka vinakuja akili imeshaondoka, na macho hubaki wazi, hayafungi kama ya kwenye filamu. Daktari atasikiliza moyo na kugusa jicho kabla hajasema amekwenda. Ukijua haya mapema hutashtuka.

Risasi nayo watu wanaiona ya kinyama, lakini kwenye mikono inayojua ni ya papo hapo, mnyama hasikii hata mlio. Neno kubwa ni inayojua. Wengi wanadhani shabaha ni katikati ya macho, na sivyo, ubongo uko juu zaidi ya hapo, ukikosea umemjeruhi tu. Rungu, kamba, kumchoma mkuki, hayo tusiyazungumze kabisa.

"Nimemuachia huru, akale raha uzeeni"

Punda aliyezoea kupewa maji na kulindwa ukimtoa na miaka yake ishirini na kitu, magego yameisha, hajaachiwa huru, ametupwa. Mjini anakula jalalani, plastiki zinajikusanya tumboni, Lamu wanalijua hili vizuri. Nje ya mji ni fisi au gari. Na uzee peke yake sio ugonjwa, punda anayetunzwa anafika miaka 30 na kupita, na kule Uingereza kuna farasi wa kukokota majahazi ya mtoni, Old Billy, alikufa 1822 akiwa na miaka 62. Mzee mwenye meno mabovu mara nyingi anataka tu chakula laini, pumba zilizoloweshwa, na kazi ipunguzwe au iishe kabisa. Jaribu hilo kwanza kabla hujazungumza habari ya mwisho.

Kumuuza kwa madalali wa ngozi ndo kubaya zaidi. Tumeona Kenya ilivyokuwa machinjio yalipofunguliwa kuanzia 2016 ili ngozi ziende China kupikwa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko: punda wanasafirishwa mbali bila maji, wagonjwa na wazima pamoja, na wezi wakaanza kuchinja punda za watu porini usiku. Serikali ikasimamisha uchinjaji huo 2020, mahakama ikafuta katazo hilo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Dalali akija na elfu zake kwa punda mgonjwa, hakuja kumpumzisha.

"Dini hairuhusu"

Hapa sitajifanya sheikh. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya mnyama asiyeliwa anayeteseka bila matumaini, kwa hiyo muulize unayemwamini. Ila hadithi ya Mtume iko wazi kwamba Mwenyezi Mungu amewajibisha wema katika kila kitu, mkiua uweni vizuri, na mkichinja chinjeni vizuri. Kumuacha anakata roho siku nne mbele ya watoto sioni kama inaingia humo.

"Mwenzake muondoe asione"

Punda hushikana wawili wawili kwa nguvu. Ukimtoa mmoja ghafla yule aliyebaki anatafuta, analia, anaacha kula, na tumeshaona kuacha kula kunampeleka wapi. Wanaofanya kazi na punda wanashauri kinyume chake, muache amkaribie maiti, amnuse, amsukume na pua, atakapoondoka mwenyewe ndo mzoga uchukuliwe. Afu mwangalie chakula chake siku zinazofuata.

Mzoga nao una mambo. Aliyepigwa sindano usimtupe porini wala kumpa mbwa, dawa inabaki kwenye nyama muda mrefu, tai au fisi au mbwa akila naye anakufa, na tai wetu wameshapungua sana. Zika shimo refu, mbali na visima. Kwa watu wa Lamu, sio kwenye vilima vya mchanga vya Shela, maji ya kunywa ya mji yanatoka chini ya mchanga ule. Gharama ya shimo na ya daktari ulizia leo mnyama akiwa mzima, kwa afisa mifugo wa eneo lako, au kwa walioko Lamu kwenye kituo cha punda kilichofunguliwa 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na mkubaliane nyumbani nani atapiga simu kama wewe uko safarini.