Je, wajua kwa nini uke unakauka? Siyo baridi ya Mbeya jamani

Mwezi wa sita na wa saba huku Uyole baridi inapiga mpaka midomo inapasuka, sasa jirani yangu mmoja, mama wa miaka 52 anayeuza viazi Mwanjelwa, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, eti mwanangu hii baridi inaweza kukausha mpaka huko chini? Maana siku hizi akikutana na mzee anasikia kama kapakwa pilipili, na mzee mwenyewe kashaanza kununa anadai hapendwi tena.

Nikamwambia mama shikamoo yako ipo palepale ila leo tuongee wazi, baridi haihusiki kabisa.

Wengi tunadhani ule unyevu unatoka kwenye tezi kama mate, kumbe ukuta wa uke wenyewe hauna tezi. Mwanamke akisisimka damu inajaa kwenye mishipa midogo iliyouzunguka uke, halafu majimaji ya ile damu yanachuja taratibu yanapita ukutani mpaka ndani, kama mtungi wa udongo ukiujaza maji unavyotoa jasho kwa nje. Kuna vitezi viwili pale mlangoni vinaongezea kidogo na mlango wa kizazi nao una ute wake, ila kazi kubwa inafanywa na damu. Ndo maana ukiharakishwa, mtu kaingia tu kutoka shamba anataka hapohapo, utakuwa mkavu hata kama una miaka 25 na unampenda kufa, damu haijapewa muda wa kufika.

Sasa anayeutunza huo ukuta ni homoni inaitwa estrojeni. Yenyewe inaufanya uwe mnene, wenye mikunjo, unaovutika, na inauwekea sukari ambayo bakteria wazuri wanaila wanatengeneza asidi ya kufukuza vijidudu. Hedhi ikikaribia kukata, wengi ni kati ya miaka 45 na 55, estrojeni inashuka, ukuta unakuwa mwembamba, damu inapungua, asidi nayo inapungua, ndo hapo unakuta mama anawashwa, anaungua, na UTI haiishi kila mwezi yupo kwenye dawa. Lile joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi huwa linapoa lenyewe baada ya miaka, lakini huu ukavu usipotibiwa mara nyingi unabaki au unazidi.

Na siyo wamama watu wazima tu, anayenyonyesha naye estrojeni yake inakuwa chini, hiyo inarudi yenyewe akipunguza kunyonyesha. Waliotolewa ovari (vifuko vya mayai), wanaotumia dawa za saratani ya matiti, hata wewe unayemeza Piriton kila siku kwa ajili ya mafua, ile dawa inavyokausha pua inaweza kukausha na huko.

Kinachoniuma ni shabu, lile jiwe jeupe la chumvichumvi. Kuna wanawake wanaambiwa waweke shabu wabane, wakaukie, ati mwanaume ndo anapenda hivyo. Ukikauka unachanika, michubuko midogo hata huioni, na hapo ndo virusi vinapita kirahisi, na sisi huku Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, tafiti ya 2016-17 iliikuta Njombe na Iringa zimevuka asilimia 11. Tuiache jamani. Na kujiosha ndani kwa sabuni tuache pia, nje maji tu yanatosha.

Dawa zipo. Ya kwanza ni jeli ya kulainisha, unapaka muda uleule wa tendo, chagua yenye asili ya maji na isiyo na manukato. Vaseline na mafuta ya kupikia yanalegeza mpira wa kondomu inapasuka, mate nayo yanakauka haraka. Ya pili kuna krimu za kutunza unyevu, hizo unaweka mara 2 au 3 kwa wiki uwe na tendo usiwe nalo. Zisiposaidia ndo daktari anakuandikia estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo, kwa kawaida kila siku kwa wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki, na uipe wiki kadhaa ndo uone mabadiliko. Dozi yake ni ndogo sana, inafanya kazi palepale ilipowekwa, ila kama umewahi kuugua saratani ya matiti mwambie daktari kabla.

Yule mama alianza na jeli, na mzee tulimwita akaelezwa habari ya mtungi, akacheka, akaelewa.

Ila ukiona damu, hata tone moja, na hedhi ilishakata mwaka mzima, usinunue chochote famasi, nenda hospitali. Inaweza kuwa ukavu tu umechubuka, inaweza kuwa saratani ya kizazi, na mpaka wakupime ndo watajua ipi ni ipi.