Je, wajua? Sarafu ya ukumbusho ni pesa, ila muuza viazi karai halazimiki kuipokea

Jioni moja hapa Mombasa, karibu na Ngome, nilikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza viazi karai. Nikala vya shilingi 40, ukwaju juu, pilipili ya kutosha. Nilipotia mkono mfukoni nikatoa sarafu moja tu. Mama akaipokea, akaigeuza, akaisogeza chini ya balbu, kisha akanirudishia.

"Hini pesa gani, mwanangu?"

"Ni shilingi 40, mama. Imeandikwa hapo."

"Sarafu ya 40 haiko. Nipa pesa."

Sarafu hiyo niliikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu nyanya yangu. Ina rangi mbili, kama zile za zamani za shilingi 10 na 20, na upande mmoja ina sura ya Mwai Kibaki. Ilitolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, ndiyo maana thamani yake ikawa ile namba isiyo ya kawaida, 40. Si ya mchezo wala si ya plastiki. Ni sarafu ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu haikuiuza kwenye kiboksi cha mahameli, iliitoa itumike. Hata sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu zilipoingia mwaka 2018, za zamani hazikufutwa. Si kama ile noti ya zamani ya 1,000 iliyokufa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019, watu wakapanga foleni benki na magunia yao.

Kwa hiyo nilikuwa na haki? Ndiyo, na hapana pia, na nimegundua kwamba jibu linategemea zaidi tumbo langu kuliko sarafu yenyewe.

Tunaposema fedha ni "halali", wengi wetu tunadhani maana yake ni kwamba kila muuzaji lazima aipokee. Sivyo. Chukua Uingereza, ambako mapokeo yetu mengi ya sheria yametoka. Kule uhalali wa fedha ni jambo la deni. Mtu akikudai, nawe ukaweka mahakamani kiasi kamili kwa fedha halali, hawezi tena kukushtaki kwamba hukumlipa. Basi, imeishia hapo. Muuzaji ambaye bado hajakuuzia kitu hakudai, na wewe humdai. Yuko huru kusema anataka noti tu, simu tu, au hakuuzii kabisa. Marekani nako hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwenye duka binafsi kupokea noti au sarafu. Na hata katika deni, sarafu ndogo zina mipaka: Uingereza, sarafu za peni 1 na peni 2 ni halali mpaka jumla ya peni 20 pekee. Ukitaka kumlipa anayekudai kwa ndoo ya shaba ili kumkomoa, sheria imeshakuona.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka imkute mtu. Miaka michache iliyopita, huko kusini-magharibi mwa Uingereza, mwanamume mmoja alijaza mafuta ya gari katika kituo cha duka kubwa, akataka kulipa kwa sarafu ya madini ya fedha ya pauni 100. Sarafu ya ukumbusho, imetolewa na mtengeneza sarafu wa serikali, na usoni imeandikwa pauni 100. Duka likakataa, polisi wakaitwa, akakamatwa. Mwisho wa yote polisi ndio waliomlipa yeye, pauni 5,000. Angefika na sarafu ile kabla ya kujaza tangi, wangemwambia aende zake, na yangeishia hapo. Lakini mafuta yalikuwa yameshaingia. Alikuwa na deni.

Nami viazi nilikuwa nimeshavila.

Sarafu zinazoitwa za ukumbusho si za namna moja. Ile yangu ya 40 ni ya kutembea: imetengenezwa kwa chuma cha kawaida, inapatikana kwa thamani yake, inapita mikononi. Za yuro 2 za ukumbusho ni hivyo pia, na zinapokelewa nchi zote zinazotumia yuro. Lakini nchi hizo hizo hutengeneza sarafu za fedha na dhahabu kwa ajili ya wakusanyaji, na hizo ni halali katika nchi iliyozitoa tu. Ukivuka mpaka nayo, una pambo.

Kenya nayo imewahi kuwa na za aina hiyo. Mwaka 1966, mwaka ule ule tulioanza kuwa na sarafu zetu baada ya zile za Afrika Mashariki, zilitolewa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Ile ya 500 ina dhahabu zaidi ya gramu 30. Ukimpa mtu wa pilau Marikiti akaipokea kama shilingi 500, basi umekula pilau ghali kuliko zote zilizowahi kupikwa pwani hii, na yeye Mungu amemfungulia.

Hapo ndipo ilipo siri ya sarafu hizi. Zina thamani tatu kwa pamoja: iliyoandikwa usoni, ya madini yaliyomo, na ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kutoa. Mfano ninaoupenda ni wa jirani zetu. Kuna sarafu ya fedha yenye picha ya ndovu, imeandikwa Jamhuri ya Somalia, shilingi 100. Inatengenezwa Ujerumani, na inanunuliwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaoweka akiba ya madini ya fedha. Wakia moja nzima, kama gramu 31, ya fedha safi! Lakini shilingi 100 za Somalia hazifiki hata dola moja. Muulize Msomali yeyote wa Mombasa kama amewahi kuona sarafu hiyo ikinunua peremende Mogadishu. Imeandikwa jina la nchi ambayo watu wake karibu hawaijui sarafu yenyewe.

Sasa kwa nini serikali ziandike thamani kwenye kitu kisichokusudiwa kutumika? Faida, kwanza. Sarafu ikiuzwa kwa mkusanyaji haitarudi benki kudai chochote, inalala kabatini. Pili, kuiga sarafu ya serikali ni kosa zito kuliko kuiga medali, kwa hiyo namba ile ni kama mlinzi. Tatu ni kodi. Uingereza, sarafu za dhahabu za nchi hiyo zilizo halali kama fedha hazitozwi kodi ya faida ya mtaji ukiziuza. Kipande cha dhahabu kisicho sarafu kinatozwa.

Na palipo na kodi pana wajanja. Mfanyabiashara mmoja wa Las Vegas alikuwa akiwalipa wafanyakazi wake kwa sarafu za dhahabu za Marekani zilizoandikwa dola 50, hali kila moja ina wakia nzima ya dhahabu na inauzwa mamia ya dola. Kwenye kodi wanasema mshahara ni hizo dola 50. Kwa maneno ya usoni mwa sarafu, ni kweli kabisa. Mahakama haikucheka: alitiwa hatiani mwaka 2009 na kufungwa zaidi ya miaka 15.

Afrika Kusini wao wakaamua kukata mzizi. Krugerrand, iliyoanza 1967, haina thamani iliyoandikwa hata kidogo, na bado kisheria ni fedha halali. Inahesabiwa kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo. Kanada wakaenda upande wa pili: mwaka 2007 walitengeneza sarafu ya kilo 100 ya dhahabu, imeandikwa dola milioni 1. Moja ilikuwa katika jumba la makumbusho la Bode, Berlin, na mwaka 2017 wezi wakaichukua usiku kwa toroli. Haijapatikana, inaaminika iliyeyushwa. Wezi hawakuwa na shida na ile milioni iliyoandikwa. Dhahabu yake ilikuwa na thamani zaidi ya mara tatu.

Mombasa yenyewe inajua safari ya upande wa pili, ya pesa inayogeuka kumbukumbu. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani hii ilitoa rupia ya fedha yenye neno "Mombasa" limeandikwa waziwazi. Ilinunua pembe, ikalipa wapagazi. Kisha ikaja florini mwaka 1920, mwaka uliofuata shilingi, na rupia ikafa kama pesa. Leo anayeitafuta ni mkusanyaji, na hatailipa kwa rupia. Tulichobaki nacho sisi ni neno: "pesa" yenyewe ni ile paisa ya Wahindi, vipande vya rupia.

Turudi kwenye benchi. Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za Kenya, kwa hiyo 40 ya Kibaki haitakuwa na mdogo wake. Watu walilijua hilo hata kabla ya Katiba, nadhani, kwa maana zilitoweka haraka: kila aliyepata aliiweka kando, akatumia ya 20 badala yake. Mama hakuwa mkaidi. Hajawahi kuziona tu.

Nikawa natafuta simu nimtumie, ndipo mzee wa kahawa aliyekuwa akipita na dele lake akainama kutazama.

"Hii ya Kibaki," akasema. Akaweka chini dele, akahesabu mbili za 20, akampa mama. Sarafu yangu hakuichanganya na chenji zake za kahawa. Akaifunga kwenye pindo la kikoi, akabeba dele lake, akaenda.