Mc na Mac ni ubini uleule

Wiki hii amenijia mwingine na swali lilelile: "Ubini wa babu wa babu yetu uliandikwa kwa kuanza na Mc, si Mac, kwa hiyo asili yetu ni Ayalandi, si Uskoti, sivyo?" Sivyo! Linaniuma kwa sababu limezipeleka familia nyingi kupekua rejista za nchi isiyo yao.

Mac ni neno la Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi na ya sehemu ya Uskoti, maana yake mwana. Ni sawa na bin yetu. Mc ni mkato wake, kama karani anavyoandika "Juma b. Ali". Nani amewahi kusema wenye "b." ni kabila jingine? Nimekuta mtu mmoja ni Mc kwenye ubatizo, Mac kwenye ndoa na M' kwenye kifo. Tahajia ni ya karani. Mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma. Dalili ya Kiairishi hasa ni Ó, yaani mjukuu wa, na hata hiyo wengi waliidondosha.

Na bahari kati ya nchi hizo mbili ni nyembamba: Portpatrick ya Uskoti hadi Donaghadee ya Ayalandi ni kama kilomita 35. Tangu karne ya 13 askari wa kukodiwa wa visiwa vya Uskoti walihamia Ayalandi. Akina MacSweeney ni uzao wao. Kuanzia 1609 Waskoti wakagawiwa ardhi Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, vizazi vyao vikaenda Pennsylvania, Marekani. Njaa ya 1845 ikawasukuma Wairishi kwa maelfu hadi Glasgow. Hapo Mc itakuonyesha nini?

Shika cheti cha kifo cha Uskoti. Tangu 1855 kinataja wazazi wa marehemu, pamoja na ubini wa mama kabla ya kuolewa. Cha Ayalandi cha zama hizo hakiwataji. Sensa ya Uskoti mara nyingi husema "Ayalandi", basi. Parokia aliyotoka utaipata kwenye maombi ya msaada wa maskini, yaliyohifadhiwa maktaba ya Mitchell Library, Glasgow: maofisa walidadisi sana, maana asiye na haki ya kukaa aliweza kurudishwa kwao.

Hata cheti sikiamini chote. Mtoa taarifa huenda ni mkwe asiyewahi kumwona huyo mama wa marehemu. DNA nayo hainitenganishii Antrim ya Ayalandi na Argyll ya Uskoti; wameoana mno, na zipo familia nimeshindwa kabisa kusema ni za wapi.

Huyu wa wiki hii nimemuuliza mzee alifia wapi. Govan, Uskoti, anasema, 1881. Cheti nakitafuta usiku huu.