Usukani Unaocheza kwenye Pikipiki ya Mtoto ya Magurudumu Manne

Mzazi mmoja wa Kisauni alituletea karakanani pikipiki ndogo ya watoto ya magurudumu manne, aliyoinunua mtumba. "Mwalimu, mtoto ananyoosha usukani lakini pikipiki yavuta kando." Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha bolijointi moja, yaani kiungo chenye tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe chake, kisha akachomelea fimbo ya upande wa pili. Nililishika gurudumu la mbele la kulia, mkono mmoja mbele yake na mwingine nyuma yake, nikalitikisa. Lilicheza upana wa kidole gumba kabla usukani haujasogea hata kidogo.

Nimeandika haya kwa ajili ya wazazi wenye pikipiki za aina hii, na kwa mafundi wanaoletewa.

Chini ya usukani kuna mhimili unaopita kwenye bushi, kishikio kinachouzunguka ili ugeuke bila kuyumba. Mwisho wa mhimili huo zimefungwa fimbo mbili, tairodi, moja kwa kila gurudumu, na kila tairodi ina bolijointi huku na huku. Gurudumu lenyewe hugeukia kwenye pini yenye bushi zake. Zile pikipiki za theluji za watoto wa Canada na Marekani zimepangwa karibu vivyo hivyo, ila mahali pa magurudumu ya mbele pana ski. Kwao viungo hivi huharibiwa na maji ya theluji na miezi mingi ya kukaa bila kutumika. Kwetu Pwani ni chumvi na mchanga.

Hesabu viungo: bolijointi nne, bushi ya mhimili, pini mbili. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu wote hujumlishwa na kutokea kwenye tairi. Ndiyo maana kubadilisha kile kiungo kinachoonekana kibovu zaidi hakumalizi shida. Inua sehemu ya mbele kwa jeki, uitegeshe kwenye vigogo imara. Mtu mmoja ausukesuke usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, mwingine aweke kidole juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Unapohisi kugongagonga, hapo pameisha. Pikipiki ile ya Kisauni ilikuwa imeisha mahali patatu, na pabaya kuliko pote palikuwa kwenye bushi ya mhimili, ambayo hakuna aliyeigusa.

Bushi hiyo mara nyingi ni ya plastiki ngumu, vipande viwili vinavyoukumbatia mhimili. Mchanga ukiingia husaga kama msasa, tundu linakuwa yai. Spea yake kwa pikipiki ya zamani huenda usiipate, lakini fundi wa kukereza anaweza kuichonga. Mwambie mambo mawili. Kwanza apime mhimili wenyewe, kwa sababu ukiwa umelika mfereji, bushi mpya haitaushika. Pili, nailoni hunywa maji ikavimba kidogo, basi aache nafasi ndogo, la sivyo usukani utakuwa mgumu mvua ikinyesha, na mkono wa mtoto hauna nguvu za kupigana nao.

Bolijointi haitengenezwi, hubadilishwa. Kuipigilia nyundo ili ikaze ni kujidanganya. Na tairodi iliyopinda au kukatika haichomelewi. Ninajua spea ni ghali na fundi anataka kumsaidia mteja, lakini chuma karibu na mshono huweza kuwa kikavu, chepesi kuvunjika, na kikikatika gurudumu moja linaenda linakotaka huku mtoto ameshika usukani usio na kazi. Hapo sina maelewano na mtu. Nati yenye nailoni ndani ikifunguliwa, weka mpya. Pini ndogo ya kuzuia nati isifunguke, mpya pia. Bei yake si kitu.

Unapofunga, kumbuka kwamba tairodi nyingi zina hesi (mifereji ya skrubu) ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande mwingine. Zungusha fimbo nayo hurefuka au hufupika bila kufunguliwa. Nyoosha usukani, kisha pima kati ya tairi mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Pikipiki nyingi hutaka mbele pabane milimita chache kuliko nyuma. Kijitabu chake kikiwepo, fuata kinachosema. Acha hesi ya kutosha iingie ndani pande zote mbili, ndipo ukaze nati za kufungia.

Ikitoka ufuoni ioshe kwa maji ya bomba, taratibu. Usiipeleke kwa wale wa mashine ya kuoshea magari wakailenge kwenye viungo, maana maji yenye kasi hupenya mpira unaofunika bolijointi na kubeba mchanga ndani.

Kabla ya mtoto kupanda kuna jaribio moja ambalo mafundi wengi hulisahau, nalo ndilo lililonionyesha kasoro nyingine kwenye pikipiki hiyo hiyo baada ya viungo vyote kuwa vipya. Iache mbele ikiwa bado imeinuliwa na gia iwe huru. Washa injini, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, huku ukisikiliza. Injini ikipanda sauti yenyewe, kebo ya mafuta, ile ya kuongezea mwendo, imenaswa au inavutwa. Yetu ilikuwa imebanwa nyuma ya taa. Tuliipitisha upya, tukageuza tena mara kumi, na mlio ukabaki ule ule.