"Daktari, niandikie barua mtoto asicheze"

Mtihani wa darasa la saba ukianza kunukia, wazazi huingia chumbani kwangu hapa Temeke na ombi lile lile: barua ya kumtoa mtoto kwenye kipindi cha michezo. Mmoja anasema mwanawe ana kifua, mwingine anataka muda wa tuisheni. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Kipindi cha michezo ni somo kweli?

Ni somo. Mtoto hufundishwa kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka na kucheza kwa kufuata kanuni. Mchakamchaka wa asubuhi, rede, kuruka kamba, netiboli na mpira, vyote vimo. Kuwaachia watoto uwanja huku mwalimu anasahihisha madaftari siyo somo, na walimu wanalijua hilo.

Kinamsaidiaje darasani?

Akikimbia, moyo husukuma damu na oksijeni zaidi hadi kwenye ubongo. Akirudi darasani hutulia, na kwa muda fulani hushika vizuri zaidi anachofundishwa. Usiku analala fofofo, na ni usingizini ubongo unapoyaweka sawa aliyosoma mchana. Rede nayo inamfundisha kukaza macho, kuamua haraka na kungoja zamu, mambo yale yale anayoyahitaji kwenye hesabu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Sasa huyu anayepanda basi la shule saa 11 alfajiri, anakaa darasani hadi alasiri, anakwama kwenye foleni ya Mbagala, kisha anamalizia tuisheni, hizo dakika 60 azipate wapi? Nyumba nyingi hapa mjini hazina hata ua wa kuchezea. Kipindi hicho ndicho alichobakiza, na ndicho mnachokuja kuniomba nikifute.

Mwaka wa mtihani tu, si tungekiondoa?

Hapana. Tafiti zilizolipima jambo hili hazikuona alama zikishuka kwa sababu shule imetenga muda zaidi wa michezo. Ninachokiona mimi ni mtoto wa miaka 13 anayeumwa kichwa kila jioni, usingizi hauji, na mama yake mkononi ana chupa ya sharubati aliyoambiwa inaongeza akili. Mama, hiyo hela mnunulie raba.

Mwanangu akikimbia anabanwa kifua. Huyu si asicheze kabisa?

Hapana. Nasema tena: hapana. Mtoto anayebanwa akikimbia anatakiwa kupimwa, si kukalishwa chini ya mwembe awatazame wenzake. Mara nyingi ni pumu. Pumu isiyotibiwa haiishii uwanjani: usiku anakohoa halali, asubuhi anasinzia darasani, mwalimu anamwita mvivu. Ukimzuia kucheza, umeondoa kinachokuonyesha ugonjwa na ugonjwa wenyewe umeuacha. Akitibiwa vizuri, atacheza kama wenzake.

Lakini dawa ya kuvuta si itamzoea?

Haimzoei. Haimzoei hata kidogo, na maneno haya ya mtaani yanaua. Wazazi wanaificha inhela kabatini wakingoja "azidiwe kweli", na akizidiwa usiku wa manane wanahangaika kutafuta bajaji. Inhela ya kuzuia kifua kisibane, aitumie kila siku alivyoelekezwa, hata siku anayojisikia mzima. Ile ya kufungua kifua kikishabana iwe kwenye begi lake la shule na mwalimu ajue ilipo. Ukiona anaihitaji mara kwa mara, pumu haijadhibitiwa, mrudishe.

Hana kifua, ila anachoka haraka na darasani amezubaa.

Apimwe damu. Upungufu wa damu kutokana na lishe duni, minyoo au malaria humchosha mtoto uwanjani na darasani kwa pamoja. Kipimo ni tone la kidole. Na ile chai ya rangi mnayomshushia nayo maharage iacheni, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Lini nisisubiri?

Akizirai wakati anakimbia, akilalamika kifua kinauma anapocheza, au moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu: siku hiyo hiyo. Kwa watoto wetu, mafindofindo ya mara kwa mara yasiyotibiwa yanaweza kuharibu vali za moyo, yaani vilango vinavyopitisha damu, na dalili huanza kwa mtoto "kuchoka". Nikiuliza kwa nini wamechelewa, jibu ni kwamba walikuwa wanangoja shule zifungwe. Msingoje shule zifungwe. Mlete na sare yake hivyo hivyo, na kama mwalimu alimwona akianguka, njoo na namba yake ya simu, nitampigia mwenyewe anieleze alichokiona.