Tumbo la Chini Likiuma, Pima Mimba Kwanza

Mimi ni nesi hapa Kisumu, zaidi nafanya shifti ya usiku, na kuna kitu kimoja nimechoka kuona. Msichana analetwa na boda saa nne usiku, midomo imekauka, tumbo limejaa damu, na ndani ya mkoba ako na dawa za taifodi. Haya ni maswali naulizwa kila wiki kuhusu mimba nje ya kizazi, wadini, kwa simu, hata kanisani. Nitajibu vile najua, na pahali nitapandisha sauti mnivumilie tu.

Swali: Mimba nje ya kizazi ni nini?

Jibu: Yai limeshika mimba lakini halikufika kwa kizazi, limekwama njiani, na zaidi ya mara 90 kwa 100 linakwama ndani ya mrija, ile njia inapeleka yai kwa kizazi. Mrija ni mwembamba kuliko kalamu, hauwezi kubeba mtoto. Mara nyingi kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8 unaanza kupasuka na damu inamwagika ndani ya tumbo, pahali hakuna mtu anaiona. Kwa kila mimba 100, moja au mbili hukaa hivi. Ndio hiyo, tuendelee.

Swali: Lakini mimi niliona period wiki jana. Itakuwaje mimba?

Jibu: Hii ndio inaua watu. Ile damu uliona si lazima iwe period. Mimba ikikaa pahali pabaya, ukuta wa kizazi unaanza kubanduka kidogo kidogo, unatoa damu ya kahawia ama nyeusi, inakuja leo, kesho haipo, keshokutwa imerudi. Sasa ukiulizwa siku zako zilikuja lini unajibu "wiki jana", anayekuuliza anaandika "wiki jana", anafungua ukurasa mwingine, na hapo hapo mimba imeshafutwa kwa faili yako na hakuna mtu atairudia tena.

Mimi siku hizi siulizi lini peke yake. Nauliza ilikuja tarehe yake? Ulitumia pedi ngapi? Ilikuwa kama ile ya kila mwezi? Wengi wananyamaza kidogo halafu wananiambia, "Aki sista, hii ilikuwa kidogo tu."

So nasema tena. Kama uko kwa umri wa kuzaa na tumbo la chini linauma, pima mimba. Umeona damu, pima. Hujaona damu, pima. Unanyonyesha, pima. Kipimo cha mkojo ni dakika tano.

Swali: Nilienda wakanipima damu wakapata taifodi na malaria. Si hiyo ndio sababu ya maumivu?

Jibu: Inaweza kuwa, lakini mara ngapi mmesikia mtu huku amepimwa taifodi akakosa? Kile kipimo cha Widal kinaweza kusema una taifodi hata kama uliugua zamani ukapona, ama hukuwahi kuugua. Na malaria, jamani, sisi tunakaa kando ya ziwa. Mtu mzima anaweza kutembea na vijidudu kwa damu na hajisikii mgonjwa. Kwa hivyo kupata malaria hakuondoi mimba iliyokwama kwa mrija, mtu anaweza kuwa na zote mbili siku moja.

Kuna mmoja siwezi kumsahau, alikuwa na miaka 22. Aliingia ameinama ameshika tumbo, hataki kulala chali. Nikamuuliza ametumia dawa gani, akanipa bahasha tatu za kaki, zile za kemisti, moja imeandikwa 1x3, ingine 2x2, ya tatu maandishi yamefutika na jasho. Alikuwa ameenda sehemu mbili tofauti ndani ya siku nne. Amiba, taifodi, halafu alsa, vidonda vya tumbo. Hakuna hata mmoja alimwambia kojoa kwa hiki kikombe. Akaniambia na bega la kulia linauma sana, lakini alidhani ni ule mtungi wa lita 20 alibeba juzi. Nilivuta kope ya chini nikaangalia ndani, nyeupe, hakuna wekundu wowote. Kipimo cha mimba kilitoa mistari miwili hata sijamaliza kuvaa glavu ya pili. Klinikal ofisa akachoma sindano kwa tumbo akavuta damu, ikakaa ndani ya sirinji bila kuganda, na hiyo damu isiyoganda ndio ilituonyesha imemwagika ndani ya tumbo, haijatoka kwa mshipa. Alipelekwa thieta mbio, mrija wa kulia umepasuka, damu walitoa ndani ya tumbo karibu lita mbili, na mtu mzima ana kama lita tano tu.

Alipona. Lakini hizo bahasha tatu alilipia pesa nyingi kuliko bei ya kipimo kimoja cha mimba.

Na nisijifanye malaika. Miaka ya nyuma nilimwacha mama mmoja kwa foleni kwa sababu presha yake ilikuwa 110/70 na alikuwa anaongea vizuri. Alizirai akienda choo. Mwili wa mtu mdogo unajikaza, presha inaweza kukaa sawa huku damu inaendelea kumwagika, halafu inashuka ghafla. Tangu siku hiyo naangalia mapigo ya moyo kwanza, presha ikinidanganya mara nyingi yale yanasema ukweli.

Swali: Bega na tumbo zinahusiana nini?

Jibu: Damu ikijaa tumboni inapanda mpaka chini ya mapafu, inawasha ule msuli wa kupumua, na mshipa wa fahamu wa huo msuli unaleta uchungu juu kwa bega. Uchungu wa tumbo na uchungu wa ncha ya bega, ukilala unazidi, hiyo si ya kupaka dawa ya kuchua. Wengine wanasikia kama wanataka choo kubwa na haitoki, wanaambiwa wana amiba. Kizunguzungu ukisimama pia. Ukiwa na hizi usipande boda peke yako, ukizirai njiani utaanguka.

Swali: Niko na koili. Nimefunga uzazi. Nilikunywa P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba. Bado nipime?

Jibu: Bado. Hizo njia zinazuia mimba sana, lakini ile chache inayopenya koili au inayopatikana baada ya kufungwa mirija, iko na nafasi kubwa zaidi ya kukaa nje ya kizazi. Pia kama uliwahi kuugua kisonono au klamidia, ama uliwahi kupata mimba ya hivi. Lakini karibu nusu ya wale wanaipata hawana hata moja ya hizo, so usijipe moyo.

Swali: Kipimo kilisema nina mimba, skani ikasema kizazi hakina kitu. Nikaambiwa imetoka, niende nyumbani.

Jibu: Uliza, "Kama haiko kwa kizazi, iko wapi?" Uliza hivyo hivyo, kwa heshima, lakini usiondoke bila jibu. Inaweza kuwa imetoka kweli, inaweza kuwa bado changa sana, na inaweza kuwa iko kwa mrija. Kujua, unapimwa kiwango cha homoni ya mimba kwa damu leo na tena baada ya saa 48, na skani inarudiwa, ya kupitia chini inaonyesha vizuri kuliko ya juu ya tumbo. Kurudishwa nyumbani na Buscopan, dawa ya kutuliza tumbo, bila tarehe ya kurudi si matibabu.

Swali: Maumivu yameanza usiku. Si naweza kunywa Brufen ningoje kukuche?

Jibu: Hapana.

Najua boda ni ghali usiku, najua watoto wamelala. Bado hapana. Brufen inaficha uchungu, damu haizuii. Kuna wakati uchungu unapungua wenyewe baada ya mrija kupasuka, mtu anasema "afadhali sasa", anafunga leso analala. Huyo hajapona, sasa ndio anavuja. Amsha jirani. Nenda pahali kuna thieta na damu, si kliniki ndogo itakuandikia barua ya rufaa baada ya saa mbili.

Swali: Mama mkwe anasema niende kwa nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, anikande tumbo na anipe manyasi, zile dawa za miti shamba.

Jibu: Mwambie mama kwa adabu kwamba utaenda ukishapimwa. Mrija uliojaa ukikandwa unaweza kupasuka kwa mkono wa huyo anayekanda. Sitaongeza kitu hapo.

Swali: Kuitoa si ni kuavya? Na lazima mume wangu asaini?

Jibu: Si kuavya. Mimba ya kwa mrija haiwezi kuhamishiwa kizazi, hakuna daktari duniani anaweza. Na hata Katiba, kifungu cha 26, inaruhusu matibabu kama maisha ya mama yamo hatarini. Ikijulikana mapema na haijapasuka, wengine wanatibiwa kwa sindano ya methotreksati bila kupasuliwa, ndio maana nawapigia kelele mje mapema.

Mume hahitajiki. Wewe ni mtu mzima, mkono wako unatosha. Nimeona familia inangoja mzee apokee simu Nairobi na mgonjwa anazidi kuwa baridi kwa kitanda. Mzee ataelezwa baadaye.

Swali: Wakinichelewesha nishtaki wapi?

Jibu: Kwanza, si kila matokeo mabaya ni uzembe. Lakini mwanamke anaumwa tumbo, anarudi si mara moja bali mbili, na hakuna kipimo cha mimba kwa faili, hiyo lazima mtu aulizwe. Itisha nakala ya rekodi zako, ni haki yako, na tunza zile bahasha na risiti. Malalamiko yanapelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC, ama baraza la manesi au la maklinikal ofisa, inategemea nani alikuona. Kesi ya kudai fidia kortini kwa kawaida ni ndani ya miaka 3, na kama ni hospitali ya serikali inaweza kuwa mwaka 1 tu, so usikae sana. Na kukataliwa emajensi juu huna pesa, Katiba kifungu cha 43 kinakataza, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya mpaka milioni 3 kwa hospitali iliyokuwa na uwezo ikakataa.

Swali: Nitazaa tena?

Jibu: Wengi wanazaa, hata na mrija mmoja. Lakini inaweza kujirudia, karibu mmoja kwa kumi. Ukikosa siku zako tu, pima, na ukiwa na wiki sita njoo skani tuone imekaa wapi, usingoje kliniki ya mwezi wa tano kama vile mmezoea. Na uje na ile karatasi ulipewa ukitoka wadi, si kuniambia "walitoa kitu upande mmoja" na hujui ni upande gani.